Pua Iliyokomaa

Kabla hujamwona Mama Kulabu, ungemsikia. Pua yake ilipiga mluzi. Haukuwa mluzi wa kuita mtu. Ulikuwa mwembamba, kama wa birika linaloanza kuchemka nyumba ya jirani, na ulikuja na kupotea kwa kadiri alivyovuta pumzi. Karakana nzima ilikuwa imeuzoea. Msasa, fundi wa kusugua vyuma, akiusikia mlangoni asubuhi hupunguza redio yake na kusema, "Jipangeni jamani, treni inaingia stesheni."

Naye Mama Kulabu huingia akivua viatu vya nyumbani, avae vya mpira, huku akimjibu, "Treni inabeba watu wa maana. Wewe kaa na mkokoteni wako."

Kitinda hakuwa akiongeza neno. Mama Kulabu alikuwa shangazi yake, dada wa baba yake, na Kitinda mwenyewe ndiye aliyekuwa mtoto wa mwisho wa baba huyo. Jina la kitinda mimba alikuja nalo toka nyumbani, karakana ikalipokea bila kuuliza. Wenzake walimsoma upesi. Huyu binti husema kidogo na hutazama sana. "Mpe Kitinda chai," Msasa alisema siku moja, "ataitazama kwanza mpaka chai yenyewe ione haya."

Karakana ile ilipaka kromu. Koki za bafuni, vitasa vya milango, vyuma vya vitanda vya hospitali, vyote viliingia vikiwa vimepauka na kutoka vikimwonyesha mtu sura yake. Msasa alisugua kutu. Kitinda aliosha, akafunga kila kitu kwa waya wa shaba na kukitundika kwenye fremu. Kisha fremu ikazamishwa kwenye tangi.

Tangi lenyewe lilikuwa na urefu wa kitanda na kina cha kiuno. Ndani yake kulikuwa na maji ya rangi ya chai kavu iliyolala, nao waliyaita dawa. Dawa ilipashwa moto kama maji ya kukanda mguu uliovimba, na mashine ya umeme ikiwashwa, vipovu vidogo vilianza kupanda kutoka kwenye vyuma, vingi visivyohesabika, vikifika juu vinapasuka kwa sauti ya mvua ya mbali. Hapo ndipo ukungu uliposimama juu ya tangi, mwembamba, wa manjano kidogo. Mtu mgeni alikohoa. Wenyeji hawakuuona tena.

Aliyeshusha na kuinua fremu alikuwa mmoja tu. Alitumia kulabu ndefu ya chuma iliyovishwa mpira mpinini, na hiyo ndiyo iliyompa Mama Kulabu jina. Ukikitoa chuma mapema kinakuwa hafifu, ukikichelewesha kinaungua pembeni. Mama Kulabu hakutazama saa. Aliinama juu ya tangi na kuhesabu pumzi zake, mluzi baada ya mluzi, zikitimia anainua. Kwa miaka kumi na tisa hakuwa ameunguza vitasa vya kujaza ndoo moja.

Kulabu hiyo ilikuwa na mwiko wake. Kila aliyeingia karakana ile, pua yake iliwaka mwezi wa kwanza, ikafanya magaga mwezi wa pili, ikatoka damu mwezi wa tatu. Mtu alijipaka mafuta ya mgando kila asubuhi kwa kidole kidogo, ndani kabisa, na kusubiri. Mtu wa kutoka damu hakuruhusiwa kushika kulabu kwa sababu tone moja likidondoka tangini, walisema, dawa inaharibika. Lakini ikifika siku damu ikakauka, na ikakaa kavu siku thelathini za kazi, basi pua imekomaa. Linanunuliwa kreti la soda, watu wanapiga makofi, na mhusika anaitwa mtu wa tangi.

Kitinda alikuwa mwezi wa nane. Nyuma ya mlango wa kabati la glavu, Msasa alikuwa akimchorea mistari ya chaki, mmoja kwa kila siku kavu. Ilikuwa imefika ishirini.

"Kumi tu, mwanangu," Mama Kulabu alimwambia jioni ile wakirudi nyumbani. Magoti yalikuwa yakimsumbua na alitembea akishika ukuta wa nyumba za watu. "Kumi, halafu mimi nikakae nicheze na mjukuu. Sina shamba la kukurithisha, wala sina nyumba. Nina ile kulabu. Sitaki ishikwe na mtu baki."

Kitinda aliitaka pia, hakuna haja ya kuficha. Alimaliza shule ya msingi, mlango wa mbele ukafungwa, akakaa nyumbani mwaka mzima akipepeta mchele wa watu wengine, ndipo shangazi yake alipomfuata na begi moja na kusema, "Huyu namchukua." Kulabu ile ilimaanisha kwamba mwaka ule wa kukaa bure haukuwa ndio hatima yake. Tena ilimaanisha kwamba shangazi hakukosea.

Siku ya mapumziko alifua nguo za wote wawili. Alifua kama alivyofanya kila kitu, bila haraka, akigeuzageuza. Mtandio mweupe wa shangazi, ule aliojifunga kichwani kazini, ulikuwa na madoa. Alishawahi kuyaona, akidhani ni uchafu wa kawaida. Leo aliuanika juani na kuurudia. Yalikuwa vidoti vidogo vya manjano, vingine vimeshakuwa kahawia, vidogo kuliko punje ya mtama. Upande wa mbele, juu ya paji la uso, vilijaa kama madoa ya kanga. Upande wa kisogo hapakuwa na hata kimoja.

Alichukua blauzi. Kifuani, tele. Mgongoni, hakuna. Akachukua blauzi yake mwenyewe, mambo ni yaleyale, ila machache. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatazama kamba ya nguo kwa muda mrefu kiasi kwamba jirani alimwuliza kama kuna kilichoibwa.

"Hapana," alisema. "Nasoma."

Jirani alitazama zile nguo, akamtazama yeye, akaingia ndani.

Mchana walikwenda kumwona mjukuu. Binti wa shangazi alikuwa amejifungua, mtoto ana wiki tatu, na chumba kilikuwa na wageni wa kukaa mpaka kwenye ukingo wa kitanda. Kila mtu alimpokea mtoto, akamnusa utosini, akampitisha kwa mwingine. Zamu ya Mama Kulabu ilipofika, mtoto alikuwa ameshafanya mambo yake. Chumba kizima kilijua. Mama mmoja alishaanza kutafuta nepi kwa macho. Mama Kulabu yeye alimkumbatia, akazika uso wake kwenye shingo ya mjukuu, akavuta pumzi ndefu mpaka mluzi ukasikika, akasema kwa furaha, "Ananukia maziwa."

Chumba kilicheka mpaka mtoto akashtuka. "Bibi huyo, upendo umempofusha pua," mtu alisema. Mama Kulabu alicheka pamoja nao, akageuka huku na huku, akisubiri aambiwe amechekesha nini. Alipopokonywa mtoto na kuona nepi inafunguliwa, kicheko kilimtoka usoni polepole. Alijipangusa mikono kwenye khanga ingawa haikuwa imelowa.

Kitinda hakucheka. Alikuwa amemwona shangazi yake usoni wakati ule, na alijua hakuwa akifanya mzaha. Shangazi alilisema lile neno kwa kumbukumbu. Watoto wachanga hunukia maziwa, aliwahi kujua hivyo zamani, na akalitamka kama mtu anayesoma barua aliyokwisha kuikariri.

Wakagawiwa soda. Ya Kitinda ilimiminwa kwenye bilauri, ikapanda povu, naye akaipeleka mdomoni kabla haijatulia. Kitu kikamchoma juu ya mdomo. Sindano ndogo ndogo, baridi. Akashusha bilauri, akaiangalia kwa ubavu dhidi ya mwanga wa dirisha. Vipovu vilipanda, vikafika juu, vikapasuka, na kila kilichopasuka kilirusha tone dogo hewani, dogo la kutoonekana isipokuwa dhidi ya jua. Juu ya bilauri palikuwa na mvua, ila ilinyesha kuelekea juu.

Alifuta mdomo wa juu kwa kidole. Ulikuwa umelowa, na ulikuwa mtamu.

Jumatatu alifika na sabuni ya kipande mfukoni. Kabla ya kujipaka mafuta puani aliiweka mbele ya pua akavuta. Hakusikia kitu. Akaisogeza mpaka ikamgusa. Ilikuja harufu ya mbali, kama ya mtu aliyepita chumbani jana. Miezi minane nyuma, sabuni hiyohiyo aliisikia toka nje ya duka.

Alihesabu mistari ya chaki nyuma ya mlango wa kabati. Ishirini. Wakati pua ilikuwa ikikauka, na wote wakimpongeza, kumbe ilikuwa inaondoka.

Pembeni mwa tangi, kwenye ukingo wake mrefu, kulikuwa na sanduku la bati lenye mianya myembamba mfano wa mdomo wa sanduku la barua. Sanduku hilo liliungana na bomba nene lililopanda ukutani mpaka kwenye feni, na feni ikatolea hewa yake juu ya paa, ndani ya pipa la maji. Mianya yote ilikuwa imezibwa kwa matambara. Matambara yalikuwa ya zamani, yamekuwa magumu na meusi, na Kitinda alikuwa akiyafuta vumbi kila Ijumaa kama sehemu ya tangi.

"Shangazi," alisema wakati wa chai, "yale matambara yaliwekwa na nani?"

Uso wa Mama Kulabu ukanawiri. "Shangazi yako huyu hapa. Mimi. Unafikiri nilipewa kulabu kwa uzuri wa macho? Ile feni ililetwa mwaka wangu wa nne. Wakaifunga, ikaanza kunguruma, na dawa ikaanza kushuka. Tunapima kwa fimbo asubuhi na jioni, vidole viwili kwa siku. Bosi anashika kichwa, dawa ni ghali, kila wiki anaongeza. Hakuna aliyejua inakwenda wapi. Mimi nikakaa nikaitazama, maana hata mimi zamani nilikuwa na macho kama yako. Nikaona ukungu unainama unaingia kule kwenye mianya. Nikasema, mwizi ni huyu. Nikaleta nguo kuukuu, nikaziba yote. Kesho yake fimbo ikasema kidole kimoja." Aliinua kidole chenyewe, kilichopinda kidogo. "Bosi alinishika mkono mbele ya watu wote."

"Alinishika na mimi," Msasa alisema, "ila alikuwa ananitoa nje."

"Wewe ulikuwa umelala."

Kitinda alikunywa chai yake. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayejiuliza mwenyewe, "Na hicho kidole kimoja?"

"Kipi?"

"Kilichobaki. Kinachoshuka mpaka leo. Feni tuliiziba. Sasa kinakwenda wapi?"

"Kinakuwa mvuke," Mama Kulabu alisema. "Maji ya moto hayana mvuke? Umekuwa mwalimu lini?"

Ilikuwa kweli kwamba maji ya moto yana mvuke, na Kitinda alilikubali jibu lile kwa wiki nzima. Lakini mvuke wa maji hauna rangi. Alichana foronya kuukuu ya mto, nyeupe, vipande vitano. Kimoja alikitundika juu ya tangi kimo cha kiuno, kimoja kimo cha kifua, kimoja kimo cha pua ya mtu aliyeinama. Cha nne alikipachika kwenye msumari karibu na redio ya Msasa, hatua kumi kutoka pale. Cha tano alikiweka nje, kwenye mti wa bendera usiokuwa na bendera.

"Unaroga?" Msasa aliuliza.

"Naanika."

"Vikikauka utaniambia kama nitaoa."

Aliviacha siku tatu. Bosi alipita mara mbili, akaviona, akadhani ni namna fulani ya usafi, akasema vizuri. Bosi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kutazama fimbo. Fimbo ikisema kidole kimoja, alilala usingizi.

Siku ya tatu aliviteremsha, akavikunja kila kimoja peke yake, akaviandika namba kwa kalamu ya wino. Jioni, nyumbani, baada ya kula na kuosha vyombo, alivipanga juu ya meza mbele ya shangazi yake. Huyu alikuwa mtu aliyemfuata na begi.

Kipande cha nje kilikuwa cheupe. Cha Msasa kilikuwa na vidoti unavyoweza kuhesabu, Kitinda alivihesabu, kumi na saba. Cha kiuno kilikuwa kimejaa. Cha kifua kilikuwa kimejaa zaidi. Cha kimo cha pua hakikuwa na vidoti tena. Kilikuwa cha manjano chote, na katikati, uzi ulikuwa umelika, pametokea tundu la kupitisha punje ya maharage.

Mama Kulabu aliviangalia bila kuvigusa. Mluzi wake ulijaza chumba.

"Hiki ni nini?"

"Ni kile kidole kimoja, Shangazi. Kingi ni maji, najua. Lakini si chote. Vipovu vikipasuka vinarusha dawa. Kama soda. Ukiweka mdomo juu ya soda inakurukia. Feni ilikuwa inaichukua. Tulipoiziba—" Akagusa ukingo wa lile tundu. "Haikuacha kutoka. Ilibadilisha njia tu."

"Tulipoiziba," Mama Kulabu alirudia. "Sema nilipoiziba. Usinisitiri."

Kitinda alikisogeza kipande cha kimo cha pua mbele yake.

"Nilikupa nguo zangu unifulie au unipeleleze? Miaka kumi na tano hiyo watu wananiheshimu kwa jambo lile. Nimesomesha mtoto kwa jambo lile. Wewe una miezi minane, na keshokutwa nakukabidhi kulabu yangu, unaniletea foronya." Alisukuma vipande kwa mgongo wa mkono. "Pua inazoea. Yangu ilitoka damu mwaka mzima, kisha ikazoea. Mpaka leo hainiumi hata kidogo."

"Ndiyo, Shangazi. Haikuumi."

Ilikuwa sentensi fupi na ilisemwa kwa adabu, lakini Mama Kulabu aliisikia yote. Akainuka akishika meza, akaenda kwenye kona ya jiko. Alichukua kitunguu, akakikata katikati, akakiweka puani. Kitinda alimwona mgongo tu. Machozi yalimtoka kwa ukali wa kitunguu, maana macho yalikuwa mazima, lakini alisimama vile, nusu ya kitunguu mkononi, akivuta na kuvuta, mpaka mluzi ukawa kama wa mtu anayeita mbwa aliyepotea.

Asubuhi iliyofuata walitembea kwenda kazini kila mmoja na upande wake wa barabara, na Msasa, alipousikia mluzi ukija peke yake bila neno, aliacha utani wa treni.

Ijumaa ilikuwa siku ya thelathini. Kreti la soda lilikuwa limefika tangu asubuhi na limewekwa juu ya benchi la Msasa. Kitinda hakuwa amejipaka mafuta ya mgando siku mbili. Hakuwa amekusudia kitu; alitaka tu kujua pua yake ina hali gani bila kufunikwa. Sabuni ilikuwa haijarudi.

Baada ya kazi mashine iliachwa ikiwaka kwa fremu moja ya mwisho, ambayo kwa kawaida huinuliwa na mtu mpya mbele ya wote. Bosi alikuja na shati safi. Msasa alichora mstari wa thelathini kwa madoido, akaukunja mwishoni kama sahihi ya waziri.

"Karibu," Bosi alisema. "Sisi hapa ni wachache, lakini tumekomaa."

Mama Kulabu alishika kulabu kwa mikono miwili. Hakuwa amemtazama Kitinda machoni tangu juzi. Akainyoosha ile kulabu mbele, na Kitinda akanyoosha mikono kuipokea, akainama kidogo kwa heshima, na alipoinama akahisi kitu cha vuguvugu ndani ya tundu la kushoto.

Alilijua. Angeweza kuvuta pumzi ndani. Wengi walifanya hivyo. Unavuta, unameza, unageuka kama unaepuka jua, unajifuta na bega. Shangazi yake angekuwa mbele ya watu na mrithi wake, na foronya ingebaki siri ya nyumbani. Aliwaza yote hayo kwa muda wa pumzi moja. Halafu akarudisha mikono, akatoa mfukoni kile kipande cha foronya cha manjano chenye tundu, akakiweka chini ya pua yake. Tone likashuka. Likaanguka jekundu juu ya manjano, kila mtu akaliona.

"Ah," Msasa alisema, akaweka chaki chini.

Bosi alikuna shingo. "Basi. Ndiyo mwiko wenyewe. Tufute, tuanze moja. Soda hazitaoza."

Msasa alikwenda kabatini na tambara, shingo upande, akaanza kufuta. Mtu mmoja alifungua chupa hata hivyo, kwa kuwa zilikuwa zimeshapoa, akampa Mama Kulabu ya kwanza, kama ilivyo desturi kumpa mkubwa. Mama Kulabu aliegemeza kulabu kwenye tangi. Aliipeleka chupa kwenye bilauri, akamimina, akaiinua. Haikufika mdomoni. Aliisimamisha chini kidogo ya pua, akakaa nayo hapo, povu likipasuka. Watu walianza kutazamana.

"Inarusha," alisema.

"Nini, mama?" Bosi aliuliza.

Aliweka bilauri chini, akavaa glavu, akaenda kwenye ukingo wa tangi na kushika tambara la kwanza. Lilikuwa limegeuka jiwe. Alilizungusha, likavunjika mkononi, vumbi la kahawia likamwagika. Akashika la pili.

"Mama, hayo matambara," Bosi alisema. "Si tulikubaliana? Dawa itashuka vidole viwili."

"Itashuka."

"Na ni wewe mwenyewe uliyeyaweka."

"Ndiyo maana nayatoa mwenyewe. Ulitaka aje nani?" Alivuta la tatu kwa nguvu. Kitinda akavaa glavu zake, akasimama ubavuni pake, wakawa wanavuta pamoja, mmoja mwanya huu, mwingine ule. "Dawa iishie kwenye bomba, Bosi. Bomba ni bati. Mimi na huyu si mabati."

"Itabidi niongeze kila wiki."

"Ongeza. Ama uje uiname wewe hapa uhesabu pumzi, mimi nikashike fimbo."

Bosi alitazama tangi. Akatazama kile kipande cha foronya ambacho Kitinda alikuwa amekiacha kwenye ukingo, tundu katikati na tone la damu pembeni yake. Alikigeuza kwa ncha ya kalamu, akakigeuza tena. Hakusema ndiyo. Alimwambia Msasa, "Hiyo swichi bado inafanya kazi?"

Feni ilikataa mara mbili. Mara ya tatu ilikohoa, ikatema kiota cha ndege kupitia paani, wakasikia kikianguka kwenye pipa, kisha ikaanza kunguruma. Mwanzoni hapakuwa na kitu. Halafu Kitinda akauona ukungu juu ya tangi ukisita. Ukainama, kama nyasi zinavyoinama mtu asiyeonekana akipita juu yake, ukaanza kuteremka kuelekea kwenye mianya. Si wote. Mwanya wa mwisho ulikuwa umeziba kwa gaga ambalo lingehitaji patasi. Lakini mwingi.

Mama Kulabu alikuwa amesimama mbele yake, uso umeelekea tangi, na hakuweza kujua kama kuna kilichobadilika. Macho yake hayakuwa tena makali ya kuona ukungu. Na pua ndiyo hiyo.

"Inavuta?" aliuliza.

"Inavuta, Shangazi."

"Niambie vizuri. Wewe mwenye pua."

Kitinda alifumba macho. Alivuta polepole, kupitia damu na kupitia mafuta ya siku nyingi, akisubiri, kama mtu anayesubiri mlango wa ndani ufunguliwe. Kwanza hakuna. Kisha, mbali, kitu.

"Nasikia kwapa la Msasa."

Karakana ilipasuka kwa kicheko, Msasa akainua mkono akajinusa mwenyewe kwa makini ya fundi. Mama Kulabu alicheka pia, akashika ukingo wa benchi. "Hilo sijutii kulikosa," alisema. Kisha kicheko kikapungua, akajifuta macho kwa mkono wenye glavu, akakumbuka, akaivua, akajifuta tena. "Lakini shingo ya mjukuu wangu," alisema. "Hiyo ningeitaka."

Feni ilinguruma, na kwa sababu ya ngurumo hiyo, kwa mara ya kwanza katika karakana ile, mluzi wake haukusikika.

Fremu ya mwisho ilikuwa bado tangini, na wakati wake ulikuwa umepita. Mama Kulabu aliinua kulabu, akaitoa mwenyewe. Vitasa sita, vyote vimeungua pembeni. Aliviangalia, akavitundika wazi pale ambapo kila mtu angeviona.

"Futa yote," alimwambia Msasa, aliyekuwa ameacha mistari kumi. "Hatuhesabu tena siku za kukauka. Kitinda, ile sabuni yako iko wapi?"

Alishangaa kwamba shangazi alijua kuhusu sabuni. Akaitoa.

"Tutaifunga hapa mlangoni kwa waya. Kila anayeingia asubuhi anainusa. Mwenye kuikosa hakaribii tangi mpaka aisikie tena, na Bosi anaambiwa siku hiyohiyo. Hata akiwa mkubwa."

"Wewe je?" Msasa aliuliza, si kwa utani.

"Mimi Jumatatu napelekwa kwa daktari na binti yangu, nikaambiwe ninachokijua. Kulabu ataishika huyu, akiisikia sabuni, kwa saa, si kwa pumzi." Akamgeukia Kitinda, na safari hii alimtazama. "Damu ikikutoka, kaa nje mpaka ikome. Isipotoka kabisa na sabuni huisikii, niite, hata kama niko nyumbani nimelala."

Jumatatu asubuhi Kitinda alifika wa kwanza. Aliwasha feni kabla ya taa. Alisimama mlangoni mbele ya kile kipande cha sabuni kilichoning'inia kwenye waya wa shaba, akakishika kwa vidole viwili, akakileta karibu, asikiguse. Alingoja. Nyuma yake Msasa alikuwa amefika na redio kwapani, naye akangoja, asimsukume.

"Vipi?" aliuliza mwishowe.

"Subiri," Kitinda alisema. "Bado inakuja."